Gemu ya Steinitz na von Bardeleben (Hastings 1895): naisomaje ili ufunguzi wangu wa Kiitaliano ukae sawa?

NgomeYaTanga

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada hapa. Mimi ni mchezaji wa chesi wa kawaida tu, klabu wikendi na Lichess (tovuti ya kucheza chesi) usiku, nikishika nyeupe ni Kiitaliano kila siku, yaani e4 e5 Nf3 Nc6 Bc4. Video nimeangalia mpaka bando linakata, muvu nane za mwanzo nimezikariri vizuri kabisa ila mtu akienda tofauti kidogo kwenye muvu ya tano au ya sita naanza kukodolea ubao macho, na hata wakizifuata zote nane, ya tisa naicheza kwa kubahatisha.

Kocha wetu kasema achana na video, chukua gemu moja ya mashindano yenye ufunguzi wako uisome mpaka uielewe. Nikachukua hii, Wilhelm Steinitz (nyeupe) na Curt von Bardeleben, Hastings 1895 (kwa wageni: N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni askari; e4 na kadhalika ni nyumba za ubao, x ni kula, + ni cheki yaani mfalme kashambuliwa, O-O ni kaslingi yaani mfalme kujificha pembeni na ngome kuvuka upande wa pili, nukta tatu ni muvu ya mweusi, 1-0 mweupe kashinda):

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.c3 Nf6 5.d4 exd4 6.cxd4 Bb4+ 7.Nc3 d5 8.exd5 Nxd5 9.O-O Be6 10.Bg5 Be7 11.Bxd5 Bxd5 12.Nxd5 Qxd5 13.Bxe7 Nxe7 14.Re1 f6 15.Qe2 Qd7 16.Rac1 c6 17.d5 cxd5 18.Nd4 Kf7 19.Ne6 Rhc8 20.Qg4 g6 21.Ng5+ Ke8 22.Rxe7+ Kf8 23.Rf7+ Kg8 24.Rg7+ Kh8 25.Rxh7+ 1-0

Shida yangu ni kwamba nikiipitia nasema duh, nikirudia nasema duh tena, halafu basi, hakuna nilichobeba cha kwenda nacho klabu Jumamosi. Mnasomaje gemu nyie? Injini (programu ya kuchambua muvu) niiwashe toka mwanzo au? Na gemu ya miaka zaidi ya 100 iliyopita ina faida kweli kwenye ufunguzi wa leo?

MzeeWaKete

Kijana, injini izime kwanza, tena funga kabisa hiyo laptopu. Chukua ubao wa kweli, ule wa plastiki wa kukunja unatosha, andika muvu kwenye karatasi kisha funika na karatasi nyingine uwe unateremsha mstari mmoja mmoja. Kabla hujateremsha, andika pembeni kwa penseli wewe ungecheza nini na kwa sababu gani. Ukiandika "Bg5 ni nzuri" hujaandika kitu, andika Bg5 inamfanya nini mwenzako.

Pili, watu wengi gemu hii wanaikimbilia kule muvu ya 22, ngome inakula e7 inajitoa kafara, makofi. Wewe umeuliza ufunguzi, kwa hiyo gemu yako inaishia muvu ya 17, huko mbele ni haluwa na kahawa baada ya chakula.

Haya tuanze. 4.c3 kazi yake ni kuandaa d4, hiyo unaijua. Baada ya 6.cxd4 mweupe ana askari wawili katikati, e4 na d4, wamesimama bega kwa bega. Hapo jiulize mweusi kwa nini anatoa cheki Bb4+ na harudi tu Bb6. Weka kwenye ubao uone mwenyewe: akirudi b6, mweupe anasukuma d5, farasi wa c6 anafukuzwa, kisha e5 naye wa f6 anafukuzwa, askari wanatembea na kete zake zinakimbia. Kwa hiyo ile cheki siyo ya kujifurahisha, inamnunulia muda wa kuwavunja hao askari. Ukilielewa hilo, siku mtu akikuchezea 6...Bb6 huhitaji video, unajua tu hapa nasukuma.

Sasa 7.Nc3. Steinitz anamwachia askari wa e4 aliwe. Von Bardeleben hakula, akapiga 7...d5. Ukisoma kanuni za vitabuni ile d5 ni sahihi, mpinzani ana katikati kubwa basi mpige katikati. Ila angalia mfalme wake yuko wapi: e8. Na baada ya 8.exd5 safu ya e imefunguka ikiwa mfalme amekaa juu yake hapo hapo. Mweupe anafanya kaslingi muvu ya 9, mweusi bado.

Kuanzia hapo swali la gemu nzima ni moja tu, mweusi atapata muvu moja ya kufanya kaslingi au hatapata? Basi. Soma muvu ya 10 hadi ya 14 ukiwa na swali hilo kichwani halafu uone mzee Steinitz alichofanya. Bg5 anamgusa malkia, mweusi analazimika kuziba na Be7. Anakula d5, lazima iliwe. Anakula tena d5 na farasi, inaliwa tena. Anakula e7, inaliwa. Kila muvu ya mweusi hapo ni ya kujibu, hana hata moja ya kwake. Wakimaliza kulana zamu ni ya nani? Ya mweupe, anaweka Re1 na farasi wa e7 kafungwa mbele ya mfalme wake. Akifanya kaslingi sasa hivi ngome inamla farasi bure.

Mimi nilivyofundishwa ni kwamba ukitaka kushambulia usibadilishane kete. Hapa jamaa kabadilishana jozi tatu na bado shambulizi limepata nguvu, kwa sababu alichokuwa anakinunua ni muda. Hilo ndilo la kubeba Jumamosi, maana nafasi kama hiyo, mfalme katikati na safu ya e wazi, utaipata kwenye funguzi nyingi tu hata usipocheza Kiitaliano.

Penseli_na_Ubao

Nakubaliana na Mzee hapo juu ila mimi nafundisha watoto shuleni Mombasa na nawapitisha gemu hii hii kwa upande wa mweusi kwanza. Ukikaa nyuma ya kete nyeupe unaona kila kitu ni kitamu, huulizi maswali. Geuza ubao, kaa kiti cha von Bardeleben, alikuwa mchezaji mzuri yule si mtu wa kuokotwa barabarani, na kila muvu yake ina sababu. 14...f6 kwa mfano, watoto wote wanaicheka, lakini inazuia farasi asiruke e5 na inamtayarishia mfalme f7 ili atembee kwa miguu mpaka salama kwa vile kaslingi imeshindikana. Ni mpango mzuri! Ameuchelewesha tu.

Halafu waambie wakuonyeshe muvu ya kwanza ambapo mweusi angefanya tofauti. Mmoja atasema ya 21, mwingine ya 19, wanarudi nyuma nyuma mpaka wenyewe wanafika ya 7. Kutoka mwisho kurudi mwanzo, hapo ndipo ufunguzi unapoingia kichwani.

Na gemu ya zamani kaka ina faida yake, wale wazee makosa yao yako wazi kama sisi tunavyokosea klabu. Gemu ya mabingwa wa leo kosa liko muvu ya 31 na hulioni bila mtu kukwambia.

sukuma_h4

Mmeisahau stori yenyewe nyie 😂 baada ya 25.Rxh7+ von Bardeleben hakusema kitu, hakutoa mkono, kainuka kaondoka zake ukumbini kaacha saa inakimbia. Steinitz akawaonyesha watazamaji mwendelezo wote mpaka meti (mfalme hana pa kukimbilia): 25...Kg8 26.Rg7+ Kh8 27.Qh4+ Kxg7 28.Qh7+ Kf8 29.Qh8+ Ke7 30.Qg7+ Ke8 31.Qg8+ Ke7 32.Qf7+ Kd8 33.Qf8+ Qe8 34.Nf7+ Kd7 35.Qd6 meti. Mtu alikuwa ameshanyang'anywa ubingwa wa dunia na Lasker mwaka 1894, umri unakaribia 60, na bado anaona muvu kumi mbele bila injini. Mashindano yenyewe alichukua Pillsbury, kijana wa Kimarekani, Steinitz akawa wa tano.

d3_tu

Samahanini naomba niwe mkorofi kidogo. Stori nzuri, gemu nzuri, ila kijana kauliza afanye nini ili ufunguzi wake uwe mzuri na nyie mnampa mstari ambao ukikutana na mtu aliyesoma hakupi kitu. Baada ya 7.Nc3 mweusi anakula 7...Nxe4 8.O-O Bxc3 9.d5, hilo ndilo shambulizi la Møller, mambo ya Mdenmark, kisha 9...Bf6 10.Re1 Ne7 11.Rxe4 d6 12.Bg5 Bxg5 13.Nxg5 h6 na mweusi yuko vizuri, mweupe ndiye anatafuta sare. Hii ipo kwenye kila kitabu. Ndiyo maana ukiangalia mabingwa wa sasa wakicheza Kiitaliano wanaenda d3 polepole, c3, wanafanya kaslingi, farasi wa b1 anazunguka d2 f1 g3, d4 inakuja baadaye ikishaiva. Kijana achukue gemu ya miaka ya karibuni yenye d3, aangalie wanavyozungusha kete, aache kafara za 1895.

MzeeWaKete

@d3_tu mkuu mstari wako ni sahihi, 13...h6 hata mimi naijua na sina ugomvi nayo. Ila niambie ukweli, pale klabuni kwako ni wangapi watakuchezea muvu 13 za Møller bila kukosea? Mimi niliokutana nao wengi wanaishia hapa: 7...Nxe4 8.O-O Nxc3 9.bxc3 Bxc3 halafu macho yote yako kwenye ngome ya a1. 10.Qb3 Bxa1 11.Bxf7+ Kf8 12.Bg5 na mweusi anaelekea kaburini. Hiyo ni ya Greco, Mwitaliano wa miaka ya 1620 huko, na hadi leo inaua watu mtandaoni kila usiku. Dawa yake ni mweusi kupiga 9...d5 badala ya kula c3, na utashangaa ni wachache kiasi gani wanaiona.

Angalia inavyorudi kule kule. Kwa von Bardeleben d5 ilimponza, hapa d5 ndiyo inayomwokoa. Tofauti ni nini? Hapa askari wa e4 keshaliwa, kwa hiyo d5 haifungui safu ya e kwa kubadilishana askari, inamgonga askofu wa c4 na mweusi anapata pumzi ya kufanya kaslingi. Kijana akiweza kunieleza hilo kwa maneno yake huyo ameshauelewa ufunguzi, hata akiamua kesho ahamie d3.

d3_tu

Hapo sawa mzee nimekuelewa. Ila bado nasema aanze na d3 😅

NgomeYaTanga

Aisee asanteni sana, shikamoo mzee. Nimefanya kama mlivyosema, jana usiku nimefunika karatasi nimeenda muvu moja moja mpaka ya 17. Zile za kwanza nimepata nyingi kwa sababu nimezikariri, ila kwenye sababu nilikuwa naandika ovyo, ya 6 niliandika "cheki kwa sababu ni cheki". Muvu ya 11 sikuipata kabisa, mimi ningeenda Rc1 au kitu kama hicho, sikuwaza kumtoa askofu wangu wa c4 anayeng'aa kwa farasi. Na 17.d5 sikuipata, nilidhani anampoteza askari bure.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Baada ya kumaliza niliiwasha injini (nisameheni) ikaniambia muvu ya 16 mweusi acheze Kf7, asicheze c6. Mimi nikaona mbona 16...Kf7 17.Qxe7+ malkia anakula farasi, wanakulana wote pale e7 halafu Rxc7+ inaingia na cheki, si mweusi kafa huyo? Injini haina wasiwasi kabisa. Imekosea au mimi ndiye sielewi?

Penseli_na_Ubao

Hujakosea mstari, umesimama kuhesabu mapema. Endelea: 17.Qxe7+ Qxe7 18.Rxe7+ Kxe7 19.Rxc7+ Kd6 20.Rxg7. Sasa hesabu kete kwa vidole. Mweupe katoa malkia na ngome kapata malkia na farasi, halafu kala askari wawili, c7 na g7. Kwa hiyo ni farasi na askari wawili wa ziada dhidi ya ngome. Hakuna aliyekufa hapo, gemu inaanza upya, na mfalme wa mweusi ambaye alikuwa anahangaika toka muvu ya 8 amekaa katikati ya ubao malkia wote wakiwa wametoka, yaani hana wa kumwogopa sana. Ukilinganisha na kilichomkuta, angelichukua hilo mbio mbio.

Na hiyo 16...c6 mwangalie kwa huruma, sababu yake ni hiyo hiyo uliyoiona wewe. Aliogopa c7, akamtoa askari c7 ili ngome ya c1 isiwe na cha kula. Ikaja 17.d5 ambayo umesema hukuipata. Jiulize askari wa d4 alikuwa anamzuia nani. Alikuwa amekalia nyumba ya farasi! Mweusi anakula 17...cxd5, d4 inakuwa wazi, farasi anatua pale, muvu inayofuata yuko e6 katikati ya kete nyeusi na hamtoi mtu. Na ulinzi wa c6 wenyewe umeondoka, safu ya c imefunguka pia, ngome ya c1 iliyokuwa imekodoa inaanza kufanya kazi, sasa safu mbili ziko wazi na mfalme yuko katikati yao. Askari mmoja huyo.

sukuma_h4

Halafu ndiyo maana muvu ya 22 inafanya kazi wakuu. Malkia akila ile ngome ya e7, 23.Rxc8+ Rxc8 24.Qxc8+ na mweusi kabaki kapungukiwa vibaya. Mfalme akila, Re1+ na hakuna pa kujificha. Akienda Kf8 kama alivyoenda, kete zote za mweupe ziko hatarini kuliwa, mweupe akila malkia wa d7 kwa pupa mweusi anakula Rxc1+ na meti ni ya mweusi, kwa hiyo mweupe analazimika kutoa cheki mfululizo f7, g7, h7 bila kupumua. Niliwahi kumwonyesha jamaa mmoja wa bodaboda pale kijiweni anayecheza drafti, hajui chesi vizuri, akasema hii ngome mbona inatembea inagonga kila mlango. Yote inatoka kwenye safu ya c na safu ya e, d5 ile ile.

NgomeYaTanga

Dada Penseli hapo kwenye d4 kuwa nyumba ya farasi nimeshika kichwa. Sasa la mwisho: Jumamosi nikienda nikakutana na mtu anacheza 7...d5 nafuata hivi hivi? Na je akinichezea 7.Nc3 mimi nikiwa nyeusi?

MzeeWaKete

Akikuchezea 7...d5 fuata hivi hivi, mstari wa Steinitz bado ni mzuri. Wewe ukiwa nyeusi kula e4, na ukishakula c3 kwa farasi, askari atakayerudi kukaa c3 usimle kwa askofu, piga d5.

Ila kama hutaki ubishi wa Møller ukiwa nyeupe, ipo 7.Bd2, wanabadilishana maaskofu 7...Bxd2+ 8.Nbxd2 na hapo 8...d5 ya mweusi ni sahihi kabisa, 9.exd5 Nxd5 mko sawa, wewe una askari wa d4 peke yake na kete zinazotembea vizuri. Weka ubao huo pembeni ya ule wa von Bardeleben baada ya muvu ya 9, uangalie tofauti: maaskofu wa nyumba nyeusi wa pande zote mbili wametoka na hakuna Bg5 ya kumgusa malkia, kwa hiyo anafanya kaslingi anapotaka.

Fanya hivi kabla ya Jumamosi. Fungua ile sehemu ya Lichess ya gemu za mabingwa, ingiza muvu mpaka 7.Bd2 au 7.Nc3, unachagua gemu tatu nne za mashindano, mbili mweupe kashinda na mbili kapoteza, hizo za kupoteza usizikwepe. Unazipitia kwa karatasi yako kwa kasi kidogo, huhitaji kukaa usiku kucha, unatafuta kitu kimoja: mfalme mweusi alitoka e8 muvu ya ngapi na mweupe alifanya nini kumchelewesha. Na karatasi za gemu zako mwenyewe za klabu usizitupe, zile za Kiitaliano zitoe utazame kitu hicho hicho.

d3_tu

Na akicheza 3...Nf6 badala ya Bc5?

MzeeWaKete

Hapo ni Ng5 au d3 yako wewe, fungua uzi mwingine mkuu, huu umeshakuwa mrefu.

NgomeYaTanga

Sawa wakuu. Naleta karatasi ya Jumamosi hapa hata nikipigwa.